Waliobeba vita, na waliogawiwa Kericho

Kabla ya chai, sehemu kubwa ya mashamba ya Kericho ilipandwa kitani. Wengi wetu tuliokulia huku hatulijui hilo, kwa sababu kitani hakikudumu na waliokipanda waliondoka mapema. Mwaka 1919, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilitenga ekari zipatazo 25,000 katika nchi ya Wakipsigis ili wapewe maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani. Wakati huo bei ya kitani ilikuwa juu, maana wakati wa vita kitambaa chake kilitumika kuwambia mabawa ya ndege. Maofisa wakaja, wengine wakiwa na mguu mmoja au mkono mmoja, wakalima. Haikuchukua muda bei ikaporomoka, mpango ukafilisika, ardhi ikauzwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay wakaanza kupanda chai tunayoiona leo kutoka Kapsoit hadi Litein, ikishuka mabonde na kupanda vilima bila kukatika.

Sina ugomvi na mtu aliyepoteza mguu vitani. Alistahili kutunzwa na nchi iliyompeleka. Ugomvi wangu ni kwamba alitunzwa kwa mali ya watu wengine, tena watu ambao nao walipelekwa katika vita hivyo hivyo, na ambao wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kwenda.

Vita vya Afrika Mashariki vilibebwa kichwani na mabegani. Mbung'o waliua farasi, ng'ombe na nyumbu, malori yalizama kwenye matope, na reli ziliishia mbali na palipokuwa na mapigano. Kila gunia la unga, kila sanduku la risasi, kila machela ya mgonjwa ilihitaji mtu. Hata jeshi la majini lilibebwa. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili ndogo za kivita, Mimi na Toutou, wakazishusha Cape Town, wakazipandisha reli hadi Fungurume huko Kongo, kisha zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa nguvu za mamia ya Waafrika waliokata njia na kujenga madaraja, mpaka zikafika Ziwa Tanganyika. Siku moja baada ya Krismasi ya mwaka huo ziliikamata meli ya Wajerumani, Kingani. Vitabu vinawataja mabaharia na kamanda wao mpaka tabia zao. Waliokata njia hawatajwi.

Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi katika vita hivyo walikaribia milioni moja, na waliokufa wanakisiwa kukaribia 100,000. Katika hao, zaidi ya 40,000 walitoka katika nchi tunayoiita Kenya. Risasi ziliua wachache. Walioangamia wengi waliuawa na tumbo la kuhara damu, homa ya mapafu na malaria. Mtu aliyezoea kimyet, ugali wa wimbi, na maziwa alipewa posho ya unga wa mahindi uliosagwa vibaya, akaupika haraka jioni baada ya kutwa nzima njiani na mzigo wa kilo 25, kuni zikiwa mbichi kwa mvua. Unga usioiva ulikwangua matumbo. Katika mvua za 1917 kwenye Mto Rufiji, wanaume wa nyanda za juu, waliozoea baridi ya Kericho lakini wakiwa na moto na ngozi ya kujifunika, walilala majini bila blanketi la maana.

Walikwendaje huko? Mwanzoni kuna waliokwenda kwa hiari, wakidhani ni kazi ya miezi michache yenye mshahara. Habari za vifo ziliporudi, hiari ikaisha. Mwaka 1915 ikapitishwa sheria iliyoruhusu watu kuchukuliwa kwa lazima, na mshahara ukashushwa hadi rupia tano kwa mwezi. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Nyanza, alipewa kazi ya kukusanya watu kwa wingi katika nchi nzima. Kericho ilikuwa ndani ya mkoa huo wa Nyanza. Mkuu wa wilaya alipewa idadi, naye akaigawa kwa machifu, chifu akawatuma askari wake nyumba kwa nyumba. Utaratibu ulikuwa huo tu. Chifu aliyeshindwa kutimiza idadi alihatarisha cheo chake, kwa hiyo alichukua kwanza watoto wa wasio na sauti: yatima, wapangaji, mtu wa ukoo mdogo, kijana aliyekorofishana na wazee.

Ni kweli kwamba Waluo, Wakamba na Wakikuyu walitoa wapagazi wengi kuliko Wakipsigis, na vijana wengi wa huku waliingia jeshi la King's African Rifles (KAR), wakashika bunduki badala ya mzigo. Lakini nchi ya chai ya leo si ya ukoo mmoja. Wachumaji waliojaa kwenye kambi za mashamba kwa karibu miaka 100 wametoka Kisii, Siaya, Vihiga, Kakamega, na kila mmoja anaweza kuwa ana babu wa babu aliyeondoka 1917 asirudi. Kisii yenyewe, hatua chache kutoka Sotik, Wajerumani waliingia Septemba 1914, na mapigano ya tarehe 12 mwezi huo yalisikika na watu waliokuwa hawana habari na ugomvi wa wafalme wa Ulaya.

Uingereza haikubuni ukamataji huu Afrika. Ilikuwa na mazoea yake ya zamani. Kwa miaka zaidi ya 100, hasa katika vita vyake na Ufaransa vilivyokwisha 1815, jeshi lake la majini lilijaza manowari zake kwa kushika watu. Afisa mmoja na kundi la mabaharia wenye marungu waliingia mitaa ya bandari usiku, wakavamia vilabu vya pombe, wakamchukua mwanamume yeyote aliyeonekana kuijua bahari. Meli za biashara zilisimamishwa zikikaribia nyumbani, mabaharia waliokuwa mwaka mzima safarini wakahamishiwa manowari bila kukanyaga nchi kavu wala kuwaona wake zao. Mishahara ilicheleweshwa kwa makusudi, ili mtu asitoroke na kuacha jasho lake nyuma. Aliyekuwa na hati ya kinga aliibeba kila mahali, na hata hati hiyo mara nyingine ilipuuzwa.

Wamarekani walishikwa pia, maelfu yao, kwa kisingizio kwamba aliyezaliwa Mwingereza hawezi kuacha kuwa Mwingereza. Juni 1807 manowari ya Kiingereza Leopard iliishambulia manowari ya Marekani Chesapeake na kuchukua mabaharia wanne. Marekani yote ilichemka. Mwaka 1812 Marekani ilitangaza vita dhidi ya Uingereza, na ukamataji wa mabaharia ulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Mkataba wa amani wa Desemba 1814 haukulitaja jambo hilo hata kwa neno moja. Hata hivyo baharia Mmarekani aliyeshikwa alikuwa na serikali iliyokwenda vitani kwa ajili yake. Wanaume wa nyanda za Kericho, kwa upande wao, walichukuliwa na serikali ile ile iliyodai kuwalinda.

Kuna jambo moja katika habari za mabaharia wale ambalo limenishika na haliniachi. Jeshi la majini la Uingereza, pamoja na ukatili wake wote, liliandika. Kila manowari ilikuwa na daftari la watu wake. Mtu aliyeletwa akiwa amefungwa kamba, akivuja damu kichwani, aliingizwa kwenye daftari hilo kwa jina, na kuanzia miaka ya 1760 kwa umri na mahali alipozaliwa. Ilikuwepo sheria ya kumwezesha kumpelekea mkewe sehemu ya mshahara. Akifa, vitu vyake viliuzwa kwa mnada chini ya mlingoti na fedha zikaenda kwa warithi. Leo kitukuu wa baharia yule anaweza kwenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa huko Kew, London, akafungua daftari, akaweka kidole chini ya jina la babu yake aliyekamatwa Bristol au Liverpool miaka 220 iliyopita.

Kitukuu wa mpagazi wa Bomet aende wapi?

Mtu anaweza kujibu kwamba Afrika ya 1917 haikuwa na makarani. Walikuwepo. Oscar Watkins, aliyeongoza kikosi cha wapagazi, aliweka mfumo wa namba na vipande vya chuma vya kuvaliwa, pamoja na kumbukumbu za malipo. Baada ya vita, serikali hiyo hiyo ilipata nguvu za kumwandikisha kila mwanamume Mwafrika wa Kenya, kuchukua alama za vidole vyake na kumvika kipande shingoni, maana safari hii aliyehitaji kujua mtu yuko wapi alikuwa mwajiri. Aliyekufa vitani hakuwa na mwajiri wa kumdai.

Majina yetu nayo yaliwashinda, au hawakujali kuyashughulikia. Mtoto wa Kipsigis hupewa jina la kuzaliwa, kisha akishatahiriwa huitwa arap fulani, kwa jina la baba. Karani aliyeandika arap Koech au arap Rono bila ukoo, bila kokwet, yaani kijiji chake, bila rika, aliandika jina linaloweza kuwa la watu mia. Kutoka hapo mambo yalijiendea yenyewe. Mshahara wa marehemu ulitakiwa udaiwe na ndugu zake. Ndugu hawakuletewa habari za kifo. Fedha zikalala, zikaitwa mishahara isiyodaiwa, na kwa miaka mingi Nairobi na London zikabishana nani azichukue. Watkins mwenyewe alipigania walipwe wenye haki, na akashindwa. Hazina ya Uingereza haikutaka kuzitoa.

Fikiria mama mmoja wa Longisa au Chepalungu mwaka 1919. Mwaka uliotangulia umeleta mafua makubwa, ukame na njaa. Mume hajarudi. Hawezi kuitwa mjane, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba mumewe amekufa. Ng'ombe wa mahari wana maswali, shamba lina maswali, watoto wana maswali. Na mwaka huo huo, katika bahati nasibu iliyochezeshwa Nairobi na London, serikali inawagawia askari wazungu waliomaliza vita zaidi ya ekari milioni mbili za nchi hii, na maofisa wa kitani wanatengewa yao Kericho. Mwafrika, hata aliyepigana KAR miaka minne, hakuruhusiwa kutia mkono wake kwenye bahati nasibu ile.

Kumbukumbu waliyopewa wapagazi ni sanamu. Iko Kenyatta Avenue, Nairobi, tangu 1928: wanaume watatu wa shaba nyeusi, mmoja wao akiwa mpagazi asiye na silaha. Maandishi ya chini, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawasifu wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Nimesimama pale mara nyingi, katikati ya wauza maji na watu wanaongoja basi, nikazunguka jiwe lote nikitafuta jina. Hakuna hata moja. Ukitoka hapo hadi makaburi ya vita yaliyo kando ya Ngong Road, mawe meupe yamepangwa kwa mistari, kila moja na jina, cheo, tarehe.

Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti iliyokiri wazi kwamba Waafrika walibaguliwa hata katika kifo. Ilikadiria kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Naiheshimu ripoti ile. Lakini radhi iliyotolewa London haikumfikia mtu wa Sigor, na kazi ya kutafuta majina haiwezi kufanywa na Waingereza peke yao. Karatasi zao ndizo zilizopoteza watu, kwa hiyo haitoshi kuzipekua karatasi hizo hizo.

Kwamba kuwaandika Waafrika kwa majina kuliwezekana, tunao ushahidi wa baharini. Februari 1944, katika vita vya pili, meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Kati yao walikuwemo wanajeshi karibu 1,000 wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa bara ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuiona bahari kabla ya safari hiyo. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu karibu 1,300. Miili yao haikupatikana, hakuna kaburi linaloweza kuchimbwa, na bado majina ya askari wa kikosi kile yamechongwa kwenye ukuta wa ukumbusho Nairobi. Miaka 27 tu iliyatenganisha maafa yale na Rufiji. Ikiwa aliyemezwa na Bahari ya Hindi aliweza kuandikwa, aliyezikwa kando ya njia na wenzake aliachwa kwa kuwa watu waliamua kumwacha.

Najua watakaosema Kericho na Bomet zina madai makubwa kuliko majina. Ni kweli zina madai makubwa. Ardhi ilichukuliwa. Familia za ukoo wa Talai zilihamishwa kwa nguvu mwaka 1934 kupelekwa Gwassi, na kesi zao zimefika Umoja wa Mataifa na hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilitambua dhuluma hizo. Siombi hata moja kati ya hizo isogezwe pembeni. Ila madai ya ardhi yanahitaji mawakili, fedha, na ridhaa ya watu wanaokaa mbali, na yamechukua miaka mingi bila kumalizika. Majina hayahitaji ridhaa ya mtu yeyote. Tunaweza kuyaandika wenyewe, na tulipaswa kuwa tumeshayaandika zamani.

Wanaojua wapo. Wazee waliozaliwa miaka ya 1930 na 1940 walisikia kwa baba na babu zao nani alichukuliwa, kutoka boma gani, wa ukoo gani, nani alirudi akiwa hawezi kula chakula kigumu mpaka kufa. Hawakumbuki kwa tarehe. Wanakumbuka kwa rika na kwa kokwet, na mpangilio huo una uhakika kuliko kadi ya karani wa Nairobi. Chuo Kikuu cha Kabianga kina wanafunzi wa historia wanaotafuta mada za utafiti. Machifu wana mabaraza, na ingefaa ofisi iliyotumika kuwakamata watu iwe ndiyo inayowaandika. Kass FM na Chamgei FM zinasikilizwa katika kila jiko la nyanda hizi. Majina yakisomwa hewani jioni, masahihisho yatakuja kabla ya kulala. Haihitajiki bajeti ya kutisha.

Wenye mashamba nao wasikae kando. Katiba ya 2010 ilizifuta hati za miaka 999 walizokuwa nazo wageni na kuzifanya za miaka 99, na tangu hapo kila kaunti inazungumzia masharti mapya. Mashamba yenyewe yamebadilisha mikono: mwaka 2023 kampuni ya Browns ya Sri Lanka ilinunua yale ya Finlay. Katika kila uuzaji kama huo, tangu kitani mpaka leo, ekari zimehesabiwa mpaka nukta ya mwisho, na hakuna kipande kilichosahauliwa. Katika mazungumzo ya hati mpya, kaunti zidai ukuta wa majina juu ya ardhi ya mashamba hayo, mahali mchumaji atapita akienda kupima majani yake, na uwe wa wapagazi wa makabila yote ambayo watoto wao wameifanya chai hii.

Haraka yangu ina sababu nyingine. Septemba 2025 polisi walivamia nyumba huko Athi River wakawaokoa vijana zaidi ya 20 waliokuwa wakisubiri kusafirishwa kwenda Urusi. Novemba, Waziri wa Mambo ya Nje, Musalia Mudavadi, alisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wamo katika jeshi la Urusi vitani Ukraine. Waliorudi walieleza mambo ambayo mabaharia wa Liverpool na wapagazi wa 1917 wangeyatambua mara moja: waliahidiwa kazi nyingine, ulinzi au udereva, mkataba kwa lugha wasiyoijua, pasipoti ikachukuliwa, kisha mbele ya bunduki. Huku kwetu, ambako kila kijana mwenye mbio anaota kwenda nje, na ambako bonasi ya chai ikishuka familia inaanza kuuza ng'ombe ili mmoja asafiri, mawakala hao hawahitaji marungu.

Kuna wazazi wanaoishi sasa hivi kama yule mama wa Longisa, simu ya mtoto imezimwa na hakuna ofisi inayowapa jibu. Wizara ya Mambo ya Nje iwe na orodha kamili ya vijana hawa, kwa jina, kijiji na jamaa wa karibu, ipelekewe magavana, na kila familia ipewe habari rasmi inayowahusu, iwe ya uhai au ya kifo. Mabunge ya Kericho na Bomet yapitishe hoja ya kudai orodha hiyo katika kikao kijacho, na katika kikao hicho hicho yaidhinishe wanafunzi wa Kabianga waanze kuzunguka kwa wazee na madaftari yao, wakianzia Longisa, Sigor na Sotik.